Mnara Uliopandishwa Cheo

Ernestine Mbayo alikuwa peke yake katika santrali ya simu, akiitazama taa nyekundu iliyokataa kuzimika, alipoona kichwa cha cherehani kikiingia mlangoni. Nyuma ya cherehani akaingia mtu aliyeibeba begani, mwembamba, amevaa suti ya kahawia iliyonyooka kama ya bwana harusi. Kwa mwaka ule, suti kama ile ilikuwa ajabu. Ulikuwa mwaka wa kufukuzana, na nusu ya watu wa Kolwezi walikuwa wakilala stesheni juu ya kokoto za reli.

"Hodi," alisema, ingawa alikwisha kuingia. "Mama, ni hapa njo sauti zinatokeaka?"

"Ni hapa, tata. Lakini batu ba inje habaingiaka."

"Naona. Hata askari wenu Ngoy aliniambia vile. Nikamwambia, mi niko mtu wa inje ya kila pahali siku hizi, niingie wapi sasa?" Akaitua cherehani sakafuni polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. "Usinione mubaya kuingia na mashini. Nikiiacha kule stesheni, nitaikuta imekuwa ya mwingine."

Aliitwa Mpoyi. Alikuwa fundi wa nguo, mzaliwa wa Kolwezi, mtoto wa mzaliwa wa Kolwezi. Lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na mwaka ule babu ndiye aliyehesabika. Treni ya kwanza ilipofika, mkewe Tshiela alipanda na watoto ili ashike nafasi. Mpoyi akabaki chini akiisukuma cherehani ipite dirishani. Cherehani haikupita. Treni ikaondoka.

"Sasa bibi yangu eko Mwene-Ditu, kwa misioni. Alituma neno kwa mtu wa breki: siku ya posho, midi, saa sita kamili, atasimama kwenye simu ya bamonpère, bale bapadri. Nikimwita, ataningojea kule. Nisipomwita, atapanda treni ya kurudi kunitafuta, na batoto." Akasogea karibu. "Mama, treni za kuja huku, bijana banazisimamisha porini. Unajua banafanya nini."

Ernestine alijua. Akaiangalia ile taa nyekundu. Taa ile ilikuwa ya mnara wa redio uliosimama uani, nyuma ya ukuta, karibu kiasi kwamba jioni kivuli chake kililala dirishani. Ni mnara huo peke yake uliokuwa bado unaweza kuitoa sauti Kolwezi na kuifikisha mahali pengine. Simu za posta zilikwisha kufa. Na tangu wiki iliyopita, mnara nao ulikuwa kimya. Haukuharibika, ila ulipandishwa cheo.

Lakini angemwambiaje fundi wa nguo jambo kama hilo? Ernestine alikuwa na miaka michache tu tangu atoke chuo cha ufundi, na bado aliamini kuwa kila kitu kilichofungwa na mtu kinaweza kufunguliwa na mtu. Akasema, "Siku ya posho, midi, utasema na bibi yako. Na sitakata mpaka mumalize."

"Hata tukisema mengi?"

"Hata mukisema mengi."

Mpoyi akaibeba tena cherehani yake, akaondoka huku akigeuka geuka kumshukuru, na cherehani ikagonga mwimo wa mlango mara mbili.

*

Habari ya mnara kupanda cheo ilikuwa hivi.

Wahandisi wa santrali ile walikuwa karibu wote watoto wa Kasai. Walipoambiwa warudi kwao, huko kwao ambako wengi hawakuwahi kukuona, kampuni ya migodi ilitafuta mtu wa kushika nafasi ya mkuu wao. Ikamwona Tata Kisimba. Kisimba alikuwa mgawaji wa posho kantini kwa miaka mingi, mtu mwaminifu. Kwake kila mfanyakazi alipata unga, maharage na samaki kwa kadiri ya daraja lake, hakupunjwa hata kiganja. Hakuwa na roho mbaya. Siku ile mhandisi mkuu alipofukuzwa, Kisimba alilia machozi ya kweli. Akamsaidia kubeba godoro mpaka stesheni, kisha akarudi kuhamia katika nyumba yake.

Siku ya kwanza kazini alilifungua kabati la mitambo, akaona kitu alichokifahamu. Kila laini ya simu iliyotoka mle ilikuwa na swichi ndogo ya kuzungusha, yenye namba kuanzia moja hadi tano, kama madaraja ya posho. Kisimba akavaa miwani.

"Ernestine, hii laini ya hospitali iko na ngapi?"

"Tano, tata."

"Na ya Directeur?"

"Tatu."

"Na ya mi, chef wako?"

"Mbili. Biro yako iko hapa karibu, njo maana..."

"Na mnara? Ule wenye kupeleka sauti ya Directeur mpaka Kinshasa?"

"Moja."

Kisimba akakaa chini. "Moja," akasema taratibu. "Hata mufagiaji wa choo hana moja. Sasa naelewa juu ya nini kampuni inaanguka. Infirmière, muuguzi tu, anapita Directeur!"

Ernestine akajitahidi kumweleza. Mazungumzo yote ya simu za kisasa, alisema, yanasafiri pamoja katika waya mmoja kama mapigo ya ngoma, na mapigo yakienda mbali yanachoka. Kwa hiyo waya mrefu hupewa nguvu nyingi, na waya mfupi nguvu kidogo. Namba ile ni urefu wa waya tu, si heshima ya mtu.

"Tata, ni kama kuita mutu. Akiwa ngambo ya mutoni, unapiga kelele. Akiwa hapa kando, unasema polepole. Ukimupigia kelele ndani ya sikio, hasikii neno. Anasikia uchungu tu."

"Njo hapo masomo yako inakuponza," alisema Kisimba kwa upole wa baba. "Mukubwa, hata akiwa karibu, banamusemesha kwa nguvu. Uliona wapi batu banamunong'onezea Directeur? Kunong'ona ni ya wezi."

Akazungusha swichi kwa mkono wake mwenyewe. Mkurugenzi akapata tano. Yeye akajipa nne, kwa kiasi. Hospitali akaipa mbili, maana wagonjwa hawana haja ya kupigiwa kelele. Na mnara, mbeba sauti za wakubwa, akaupa tano.

Tangu hapo hospitali haikusikika tena, ikawa inatuma mtu kwa baiskeli kuuliza kama simu yake imefika. Mkurugenzi alisikia ngurumo tu katika simu yake, kama mvua juu ya mabati. Hakulalamika. Aliwaambia wageni kuwa mvua ile ni ya daraja lake, na msaidizi wake, mwenye tatu, hasikii mvua kama hiyo. Akina mama wa mtaa wa wakubwa wakaanza kuulizana sokoni: "Ya bwana yako iko na ngapi?" Mkuu wa dobi akaandika barua ya kuomba apandishwe kutoka mbili, kwa kuwa alikuwa amefua mashuka ya kampuni tangu enzi za Wabelgiji.

Mnara nao, ukipigiwa kelele sikioni kutoka nyuma ya ukuta, ukawasha taa nyekundu na kunyamaza.

"Nyekundu ni rangi ya bakubwa," alisema Kisimba. "Hata zulia yao ni nyekundu."

*

Baada ya Mpoyi kuondoka, Ernestine alikaa akifikiri. Kuushusha mnara kwa maneno hakukuwezekana. Alikwisha kujaribu, na kila mara Kisimba alimtazama kama mtu anayependekeza kumvua askofu kofia. Basi akajiuliza: kama cheo hakiwezi kuufuata waya, je, waya hauwezi kumfuata mwenye cheo?

Akaenda bironi kwa mkuu wake.

"Tata, nimefikiri. Mnara ubaki na tano."

"Ahaa! Umekomaa."

"Lakini mukubwa wa tano na waya mufupi hivi? Kutoka hapa mpaka pale tu, sawa kamba ya mbuzi? Tata, ni haya."

Kisimba akasimama. Alitazama dirishani, akautazama mnara, akatazama tena ule umbali mdogo wa aibu. "Kweli," akanong'ona. "Ni haya kabisa. Na mi niliona batu banacheka, sikujua banacheka nini."

Mtu aliyegawa posho miaka ile yote hakosi rafiki katika ghala. Kabla ya mchana roda nzima ya kebo mpya ilikuwa imeletwa kwa mkokoteni. Wakaitoa kebo dirishani, wakaizungusha uani, wakaipitisha nyuma ya kantini. Kisha, kwa ombi la Kisimba, wakaizungushia nyumba yake kebo hiyo mara mbili, na ndipo wakairudisha mnarani. Ngoy askari alishika roda huku akitikisa kichwa.

"Mama Ernestine, mi si fundi. Lakini mnara uko *pale*."

"Najua, Ngoy. Zungusha."

Ernestine akaichomoa kebo fupi ya zamani, akaiacha ining'inie ukutani, akachomeka ile ndefu. Sasa kelele ya daraja la tano ilisafiri ikichoka njiani, na ilipoufikia mnara ilikuwa imekuwa sauti ya kiasi. Taa ikapepesa, kisha ikawa kijani. Akainua simu. Mwanamke wa santrali ya Lubumbashi akaitikia, "Kolwezi? Yesu! Shiye tulijua mulikwisha kufa!"

Ernestine akacheka mpaka akajifuta macho. Kisimba akapokea pongezi. Kesho yake Mkurugenzi mwenyewe aliagiza kwamba waya wake pia urefushwe, na usiwe mfupi kuliko wa mnara. Na ili pasitokee mtu mwenye wivu akaja kushusha namba, Kisimba akaleta kufuli kubwa la ghala la unga, akalifunga kabati, akautia ufunguo mfukoni.

*

Asubuhi ya siku ya posho Ernestine alifika kazini akaikuta taa nyekundu.

Hakuhitaji kwenda mbali. Nyuma ya nyumba ya Kisimba kebo ilikuwa imekatwa, na kipande kizima kilichoizunguka nyumba hakikuwepo. Mke wa Kisimba alikuwa ameanika nguo juu yake. Wezi walikuwa wamezianua, wakazikunja vizuri, mashati kwa mashati na vitenge kwa vitenge, wakaziweka juu ya jiwe safi kabla ya kuondoka na shaba.

"Mama, hapa ni Kolwezi," alisema Ngoy. "Unatandika shaba inje usiku, ulifikiri banaacha? Mi nilibasikia. Nilifikiri ni bibi ya chef anatoa nguo zake."

Saa tano na nusu Mpoyi akafika na cherehani na suti yake. Alikuwa amenyoa ndevu. Aliikuta taa, akamtazama Ernestine, na hakuuliza kitu. Kutouliza kwake ndiko kulikomtoa Ernestine mbio mpaka kantini.

Kisimba alikuwa mbele ya foleni ndefu, kopo la kupimia mkononi, kwani siku ya posho hakumwachia mtu mwingine kazi ile. Ernestine alipita kando ya foleni ambamo yeye mwenyewe alipaswa kusimama na mfuko wake.

"Tata, nipe ufunguo. Bamekata waya mrefu. Narudisha ule mufupi, naweka moja, ya saa moja tu."

"Moja?" Kopo likasimama hewani. "Ngojea siku ya kwanza ya juma. Tutatafuta kebo ingine, tutazungusha na kanisa."

"Ni leo midi. Niliahidi mutu."

"Mutu gani?"

Angeweza kusema Mkurugenzi. Angeweza kusema hospitali. Neno lilimfika ulimini, akaliona, akaliacha lipite. "Mutu wa stesheni. Anataka kusema na bibi yake Mwene-Ditu."

Vichwa vikageuka foleni nzima. Kisha sauti ya kijana mmoja ikasema nyuma, "Kumbe mnara wa Directeur unashushwa juu ya bilulu?" Wengine wakacheka, na ule haukuwa mcheko wa furaha. Bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyowaita watu wa Kasai mwaka ule.

Kisimba akainama karibu naye, akasema kwa sauti ndogo, ile aliyoiita ya wezi. "Mutoto yangu, ukigusa ile namba leo, sitaweza kukufunika. Bamesikia bote. Kazi itaenda. Na nyumba ya kampuni. Mama yako atalala wapi?"

Ernestine alifikiria kiti cha mama yake karibu na dirisha, na miguu ile iliyovimba ambayo haikuweza kutembea mbali.

"Sijui, tata," akasema. Akageuka akaondoka bila unga.

Katika santrali alichukua bisibisi. Kufuli la ghala lilikuwa imara kweli, lakini kabati lilikuwa na bawaba kama makabati yote. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, na Mpoyi, aliyejua kushika vitu visianguke, akaushika mlango. Ukatoka mzima, kufuli likiwa bado limefungwa vizuri upande wake. Wakauegemeza ukutani. Ernestine akachomeka kebo fupi. Kisha akazungusha swichi kutoka tano, nne, tatu, mbili, mpaka moja.

Mnara ukashuka cheo bila kulalamika. Taa ikawa kijani.

Lubumbashi ikaitikia, Lubumbashi ikaita Mwene-Ditu, na baada ya milio na ukimya na sauti ya padri anayesema "ngoja, ngoja," mwanamke akasema, "Mpoyi?"

"TSHIELA!" Mpoyi alipiga kelele mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka.

"Polepole, tata," Ernestine akamgusa bega. "Anakusikia."

Mpoyi akashusha sauti. Akaanza kwa Kiswahili, kwa heshima ya mwenye nyumba. "Usirudi. Umesikia? Usipande hata kama treni ni ya bure. Mi nakuya na ile ingine. Ndiyo, niko nayo mashini. Hapana, haikupita dirishani, bado ni nene vilevile." Halafu maneno yakamzidi, akahamia Tshiluba, lugha ya kwao. Lugha hiyo na Kiluba cha mama yake Ernestine ni ndugu wa baba mmoja waliogombana zamani. Ernestine alishika neno hapa na neno pale: watoto, maji, tena watoto. Hakuweza kujua kama mazungumzo yalikuwa mwanzoni au mwishoni.

Basi akakaa, mkono wake wa kulia juu ya swichi, kidole kikiizuia isiguswe na mtu.

Kisimba akaingia akihema, unga ukiwa bado kwenye mikono ya shati lake. Nyuma yake, mlangoni na dirishani, walijazana watu wa foleni na yule kijana mwenye sauti. Kisimba aliutazama mlango wa kabati, akalitazama kufuli lake ambalo halikuvunjwa, akachanganyikiwa.

"Rudisha tano sasa hivi," alisema kwa nguvu ili wote wasikie. Kisha polepole: "Rudisha tu, Ernestine. Nitasema sikuona kitu."

"Nikirudisha, inakatika. Hajamaliza."

"Anasema nini siku nzima?"

"Sijui, tata. Ni Tshiluba."

"Sasa unajua namna gani kama hajamaliza?"

"Hajanipa simu."

Kisimba alikuwa mtu wa foleni, na katika foleni yake hakuna aliyeondolewa kabla hajapimiwa. Akasimama pale, kopo la kupimia bado mkononi, huku Mpoyi akimwambia mtoto fulani jambo lililomfanya mtoto yule acheke kwa sauti hadi ikasikika chumbani kote, cheko dogo, safi, lisilo na mvua yoyote ndani yake. Watu wa dirishani wakasikiliza. Hawakuwa wamesikia simu ikisema vizuri kiasi kile tangu wiki iliyopita. Mama mmoja akauliza, "Eko na miaka ngapi?"

"Chef!" kijana akaita. "Unangojea nini?"

Kisimba akakohoa. Akatamka kwa sauti kubwa ya kiofisi kwamba Mbayo Ernestine hana kazi tena katika kampuni, na nyumba aiache kabla ya siku ya yenga, yaani Jumapili. Aliposema "nyumba" sauti yake ilivunjika kidogo, akalazimika kulirudia neno hilo. Akanyoosha mkono apewe funguo.

Ernestine akautoa ufunguo wa santrali shingoni, na ule wa nyumba mfukoni, akazitoa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kazini. "Unisamehe, tata," alisema. Hakuna ampaye mkubwa kitu kwa kushoto.

"Si kitu," alisema Kisimba, akazipokea kwa mikono yote miwili.

Mpoyi aliendelea. Alisema mengi, kama alivyoonya. Foleni ikakumbuka unga ikaanza kupungua dirishani, na mwishowe Kisimba naye akaenda kupima waliobaki. Ernestine hakusogea. Mkono ulimfa ganzi, akabadilisha kidole bila kuiachia swichi.

Hatimaye yule fundi wa nguo akasikiliza kitambo, akaitikia mara tatu, akakigeukia chumba kama mtu anayeamka. Akaishika simu kwa mikono miwili, akamkabidhi.

"Tumemaliza, mama," alisema. "Sasa unaweza kukata."

Ernestine akakata.